Barua ya wazi kuhusu majina, laini za simu na vijana wetu wanaokwama katika mabenki ya ughaibuni

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya usajili wa matukio ya kijamii Zanzibar, vitambulisho vya Taifa, uhamiaji, mitihani, mawasiliano, mabenki na mambo ya nje.

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni kutoka Wete, Pemba. Mimi ni mwalimu wa sekondari ambaye kabla ya kurudi nyumbani nilisoma na kufanya kazi Uswidi, na kwa sababu hiyo kila mwaka, majibu ya maombi ya vyuo yanapotoka, huletewa vijana pamoja na wazee wao ili niwaeleze ya huko. Wengi huanza kwa kuuliza habari za baridi na chakula cha halali. Mimi huwaomba kwanza wanioneshe cheti cha kuzaliwa, cheti cha skuli na pasipoti, nivipange mezani kimoja kando ya kingine, kwa sababu nimekwishajua kwamba kijana wetu akikwama katika benki ya ugenini, mara nyingi kilichomkwamisha alipanda nacho boti hapa hapa Mkoani.

Kwa asiyefika huko, inafaa nieleze mambo yanavyokwenda. Uswidi, karibu kila shughuli ya mtu hupita katika kitambulisho cha kidijitali kiitwacho BankID, kilichoanza mwaka 2003, ambacho hutolewa na mabenki yenyewe na hukaa ndani ya simu ya mwenyewe. Kwa kitambulisho hicho mtu husoma majibu ya vipimo vya hospitali, hutia saini mkataba wa nyumba, huwasilisha hesabu za kodi, huomba posho ya watoto, na pia hujiunga na Swish, huduma ya kutumiana pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2012 na ambayo leo hata muuza maua wa sokoni anaitegemea. Mabasi ya Stockholm hayapokei fedha taslimu na maduka mengi vile vile. Asiyekuwa na BankID hafukuzwi wala hatuhumiwi kwa lolote, lakini kila anachotaka kukifanya hukuta kinamtaka ajitambulishe kwa kitu asichokuwa nacho.

Na kukipata kuna mpangilio wake usiorukwa hatua. Mgeni huanzia Skatteverket, yaani mamlaka ya kodi ya Uswidi, ambayo ndiyo inayoweka daftari la wakaazi. Akithibitisha kwamba ana ruhusa ya kuishi na kwamba anakusudia kukaa mwaka mmoja au zaidi, hupewa namba ya mtu binafsi yenye tarakimu 10, sita za mwanzo zikiwa ni tarehe yake ya kuzaliwa. Namba hizi wamekuwa wakizitoa tangu mwaka 1947. Baada ya hapo huomba kitambulisho, na hapo hupigwa picha, hupimwa urefu na hutia saini mbele ya mtumishi. Nilipoomba changu ada ilikuwa krona 400. Akiwa na namba na kitambulisho ndipo anapokwenda benki kufungua akaunti kamili, na benki ikiridhika ndipo inapompa BankID. Mwanafunzi ambaye ruhusa yake haifiki mwaka hapewi namba hiyo kabisa. Anaweza kupata namba nyengine ya muda, lakini kwa hiyo milango mingi humbakia imefungwa, naye ni bora ajue mapema kuliko kugundua akiwa dirishani.

Sisemi haya kuwalaumu Waswidi. Nchi ni yao na utaratibu ni wao, na kwa aliyekwishaingia ndani utaratibu huo ni raha tupu, kwani mtu anaweza kumaliza shughuli za mwezi mzima akiwa amekaa kitandani. Isitoshe, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2014 agizo linalompa kila anayeishi kihalali katika nchi wanachama haki ya kuwa na akaunti ya msingi ya malipo, na vijana wetu wengi hawalijui, hivyo wakiambiwa "hapana" mara moja huondoka wameinamisha vichwa. Lakini sheria hizo hizo za Ulaya zinaitaka benki imjue mteja wake na ijue fedha zake zimetoka wapi, na mteja ambaye karatasi zake zinapingana zenyewe kwa zenyewe huwa ameipa benki sababu ya kusitasita. Kwa hiyo siombi Serikali zetu ziende kubadilisha sheria za watu. Naomba zirekebishe kilichomo katika mkoba wa kijana kabla hajaondoka.

La kwanza na kubwa ni majina.

Nichukue mfano wa binti mmoja niliyemsomesha, ambaye jina lake nalibadilisha. Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Fatma Khamis Hamad. Cheti cha Kidato cha Nne kinasema Fatuma Hamisi Hamadi, kwa sababu aliyejaza fomu za usajili wa mtihani aliandika kama alivyozoea yeye, na binti wa miaka kumi na sita hakuwa na ubavu wa kumsahihisha mkubwa. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimefuata cheti cha kuzaliwa, ila Khamis imeandikwa bila ya "h", ikawa Kamis. Pasipoti nayo imemkata vipande viwili, Hamad ikawekwa pahala pa jina la ukoo na Fatma Khamis pahala pa majina ya mwanzo. Chuo kilimsajili kwa jina la cheti cha mtihani, mamlaka ya kodi ikamsajili kwa jina la pasipoti, na mtumishi wa benki akawa na barua ya chuo mkono mmoja na pasipoti mkono mwengine, akimuuliza kwa upole kabisa hawa ni watu wawili au mmoja. Hapa Wete swali kama hilo lingejibiwa na Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kwa barua ya mistari mitatu na muhuri. Kule hakuna Sheha.

Binti huyo alikuwa amejiandaa. Alichukua hati ya kiapo hapa nyumbani, kwa Kiingereza, inayosema kwamba majina yote hayo ni ya kwake. Benki iliipokea, ikaisoma, ikaikataa, na nikiri kwamba hoja yao ilikuwa na uzito: kiapo kinathibitisha tu kwamba yeye mwenyewe amesema hivyo, wala si kauli ya afisi zilizoyaandika majina hayo. Walichokitaka ni neno la mwenye daftari. Ilibidi familia yake ianze kuzunguka afisi huku, yeye akisubiri kule, na muda wote huo akaishi kwa fedha taslimu katika mji usiozitaka.

Kuna na jambo la mpangilio wenyewe wa majina yetu, ambalo watu wa nje hulipata tabu na sisi hatujawahi kulieleza kwa maandishi. Mzanzibari hana jina la ukoo kwa maana ya wenzetu. Ana jina lake, la babake na la babu yake, na mwanamke akiolewa habadilishi. Chukua baba aitwaye Said Ali Makame, mke wake Mwanaisha Omar Bakari na mtoto wao Juma Said Ali. Katika pasipoti tatu za nyumba moja, pahala pa jina la ukoo pataandikwa Makame, Bakari na Ali. Kwa Waswidi hilo peke yake si ajabu, maana hata wao wapo mke na mume wanaotafautiana majina. Wanachokitaka, pale mzazi anapomfungulia mtoto akaunti au anapodai posho yake, ni cheti cha kuzaliwa kinachowataja wazazi kwa majina yale yale yaliyomo katika pasipoti zao. Na hapo ndipo tunapoumbuka, kwa sababu vyeti vyetu vingi vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono humtaja mama kwa majina mawili, Mwanaisha Omar basi, kama kwamba Mwanaisha Omar Pemba nzima ni mmoja.

Tarehe ni hivyo hivyo. Wapo waliozaliwa kwa mkunga kijijini, wakasajiliwa miaka baadaye kwa tarehe ya kukisia, kisha wakapewa tarehe nyengine walipoandikishwa skuli. Namba ya NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ina tarakimu 20 na inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Namba ya Uswidi nayo inaanza kwa tarehe ya kuzaliwa. Tarehe iliyokosewa ikishaingia katika namba, haitoki kwa kufutwa na kalamu. Humfuata mtu mpaka katika pensheni.

La pili ni laini ya simu, na hili linaonekana dogo mpaka limkute mtu.

Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya NIDA. Ni jambo jema, limepunguza utapeli. Ila kijana anapoondoka na laini yake, huku akiba yake au fedha alizochangiwa na ukoo mzima ziko katika benki ya hapa, benki hiyo humtumia namba za uthibitisho kwa ujumbe wa simu kila anapotaka kuhamisha pesa. Laini isipotiwa salio ikapitwa na muda, hufungwa. Ikifungwa, au simu ikiibiwa, kuirudisha kunahitaji kidole cha mwenyewe, na mwenyewe yuko umbali wa bahari na jangwa. Sasa mtazameni huyu mtu: benki ya ugenini haijamfungulia akaunti, na benki ya nyumbani haimruhusu kuigusa akaunti aliyonayo. Nimemshuhudia kijana akipeleka barua pepe kwa tawi alilofungulia akaunti akajibiwa afike tawini na kitambulisho. Aliyejibu alikuwa amesoma barua hiyo na jina la mji wa Uswidi liko juu yake.

Fedha zenyewe pia huzaa maswali. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kuishi Uswidi hutakiwa aoneshe fedha za kujikimu zikiwa katika akaunti yenye jina lake mwenyewe. Familia nyingi za Pemba fedha hizo hutoka kwenye karafuu: mzee ameuza katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, mjomba ameongeza, shangazi wa Maskati ametuma chochote, vyote vikaingia katika akaunti ya kijana ndani ya muda mfupi. Kwetu huo ni mchango. Kwa mtumishi wa benki wa ugenini, akaunti iliyokuwa tupu kisha ikajaa ghafla ni jambo la kuulizia, na ana haki ya kuuliza. Jibu lipo, na ni halali kuliko halali, lakini liko katika stakabadhi ya Kiswahili iliyokunjwa ndani ya msahafu nyumbani kwa mzee Micheweni.

Waliokwama hivyo hutafuta njia ya pembeni. Mshahara wa kazi ya kusafisha maafisi hupitishwa katika akaunti ya rafiki, au mtu hupewa BankID ya mwengine atumie "kwa leo tu". Nawaambia vijana bila ya kumung'unya maneno kwamba hiyo ni hatari kwa pande zote mbili, kwani kitambulisho hicho kisheria ni sawa na saini ya mtu, na wahalifu wanawinda hasa wageni wenye shida ili wapitishe fedha chafu katika akaunti zao. Lakini ni tabu kumkataza mtu mlango wa uani ilhali wa mbele umefungwa kwa herufi moja iliyokosewa na karani.

Uswidi ndiyo ninayoijua kwa karibu, ila tusidhani ni huko tu. Denmark wana kitambulisho chao cha kidijitali, MitID, kilichochukua nafasi ya kile cha zamani, NemID. Ujerumani mgeni hutakiwa ajiandikishe makaazi kwanza, na bila ya karatasi ya usajili huo mengi hayendi. Uingereza, ambako Wazanzibari ni wengi zaidi, hakuna kitambulisho cha taifa, lakini kadi za ukaazi zimebadilishwa kuwa viza ya kielektroniki inayofunguliwa mtandaoni kwa taarifa za pasipoti, na benki huko huuliza uthibitisho wa anwani, kitu ambacho mwenye nyumba naye mara nyingi hakitoi mpaka aone akaunti ya benki. Falme za Kiarabu utaratibu ni mwepesi zaidi kwa sababu mwajiri ndiye anayeushughulikia, jambo lenye dhiki zake ambazo zinahitaji barua yake.

Sasa niseme ninachokiomba, na nani wa kuombwa, maana hapa ndipo barua nyingi hupotea njia. Usajili wa vizazi na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi uko kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kupitia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018. Uraia, uhamiaji, mambo ya nje, mabenki, posta na simu ni mambo ya Muungano. Kijana mmoja, mkoba mmoja, serikali mbili. Kila afisi aliyoiendea ilimjibu, kwa haki kabisa, kwamba kosa liko katika karatasi ya afisi nyengine.

Naomba Wakala, NIDA na Uhamiaji wakae pamoja watoe hati moja ya ulinganisho wa majina, kwa Kiswahili na Kiingereza, inayosema kwamba mtu mwenye namba hii ya uzazi, namba hii ya kitambulisho na pasipoti hii ni mmoja, na iorodheshe namna zote jina lake lilivyoandikwa, pamoja na maelezo mafupi ya mpangilio wa majina yetu. Iwe na alama ya kusomwa na simu inayompeleka mtumishi wa benki popote alipo katika ukurasa wa Serikali kuithibitisha. Taarifa zote zinazohitajika mnazo tayari. Vidole vyetu mmevichukua zaidi ya mara moja. Baraza la Mitihani nalo lihusishwe, kwa kulitaka jina la mtahiniwa lichukuliwe kutoka katika cheti cha kuzaliwa na mzazi atie saini kwamba ameliona kabla fomu haijaondoka skuli. Hili la mwisho hata sisi walimu tunaweza kulianza kesho bila ya kusubiri waraka, na skulini kwangu tumekwishalianza.

Mwenye cheti cha zamani cha mkono awekewe utaratibu wa kukibadilisha kwa kipya chenye majina matatu ya kila mzazi, na ufanyike Wete na Chake Chake, bila ya kumvusha mtu bahari kwenda Unguja kwa ajili ya jina la mama yake. Gharama ya boti na ya kulala mjini kwa familia ya mvuvi wa Kojani si ndogo, na mara nyingi safari hiyo huwa si moja.

Kwa Benki Kuu na wasimamizi wa mawasiliano, ombi langu ni kwamba mteja anayesafiri apewe nafasi, kabla ya kuondoka na akiwa yeye mwenyewe dirishani, ya kuchagua njia nyengine ya uthibitisho isiyotegemea ujumbe wa simu, au ya kusajili namba ya nje baada ya kuipata. Laini yake iwekewe alama ya msafiri ili isifungwe wala isigawiwe mtu mwengine, hata ikibidi alipe ada kidogo kwa mwaka. Na benki zetu ziwe na fomu moja ya Kiingereza inayoeleza chanzo cha fedha, ambayo mzee wa Micheweni akienda na stakabadhi yake ya karafuu ataijaza pamoja na mtumishi, ipigwe muhuri, imalizike.

Ubalozi wetu wa Stockholm, unaohudumia kanda nzima ya Nordiki, na balozi nyengine zenye Watanzania wengi, ziwezeshwe kuchukua alama za vidole kwa ajili ya NIDA na kurudisha laini. Aidha kila ubalozi uandike kwa Kiswahili chepesi kurasa mbili tu zinazosema katika nchi hii unaanza wapi, unafuata wapi, na nini usikifanye, kisha urekebishe kurasa hizo kila utaratibu wa nchi unapobadilika. Hivi sasa maelezo hayo yamo katika makundi ya simu, ambako ushauri wa kweli na wa uongo hupeperuka pamoja.

Vyuo vya Uswidi hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa mwezi wa Agosti, na vijana huanza kushughulikia ruhusa za kuishi miezi kadhaa kabla ya hapo. Hati ya ulinganisho na alama ya msafiri katika laini, zikiwa tayari ifikapo mwezi wa Machi, zitawawahi watakaoondoka msimu ujao. Kama haiwezekani kwa wakati huo, nakuombeni mtutajie afisi moja, Pemba na Unguja, ambayo mtu akipeleka karatasi zake zinazopingana haitamrudisha kwa mwengine, na mtutajie pia cheo cha anayewajibika nayo. Barua hii nitaipeleka kwa mkono katika afisi zenu zilizoko Pemba, ikiwa na nakala za vyeti ambavyo wenyewe wameniruhusu kuvionesha, majina yakiwa yamefichwa isipokuwa zile herufi zinazotafautiana.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa sekondari, Wete, Pemba